Alibadilishwa Hasheem, au karatasi yake?



Juma lililopita kijana wa jirani yangu alinijia jioni na karatasi mbili zilizobanwa pamoja kwa pini. Timu moja inamtaka akacheze mpira. Alikuwa na furaha tele, na kidole chake kilikuwa tayari juu ya mstari mmoja wa karatasi ile, mstari wenye tarakimu. "Mzee, hebu ona mwenyewe," akaniambia. Nikaona. Kwa kijana wa umri wake ni fedha nzuri. Nikamwuliza, je, mistari mingine inasemaje? Akacheka. Akasema hiyo mingine ni maneno ya wanasheria tu.

Nilimwambia avute kiti, nikamsimulia ubishi niliousikia kijijini kwetu Mpitimbi, huko Songea, mkoani Ruvuma, mwezi Februari mwaka 2011. Nimeona leo niwasimulie na ninyi, kwa sababu vijana wanaosoma mstari mmoja wa mkataba na kuiacha mingine ni wengi, na wazazi wao ni wengi vilevile. Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao, kama mtakavyosikia.

Mwaka ule nilikwenda nyumbani kumsaidia mama palizi. Wanaoijua Songea wanajua kwamba Februari ni mwezi wa mvua. Mahindi yamefika kifuani, udongo unanata kwenye jembe, na lori linaweza kulala njiani. Mvua ikianza mchana hakuna wa kurudi shambani, basi watu hujibanza kwenye banda la fundi baiskeli karibu na soko. Hapo ndipo mambo yote ya dunia yanapoamuliwa: bei ya mahindi, mbolea iliyochelewa, Simba na Yanga, na Majimaji yetu ya Songea mjini.

Lakini siku hiyo nilikuta wanabishana juu ya mpira wa kikapu. Msishangae. Vijana wa pale walikuwa wamekwisha kutundika ringi ya gurudumu la baiskeli juu ya nguzo, na sababu ya yote hayo ilikuwa mtu mmoja: Hasheem Thabeet.

Kwa wale waliosahau, Hasheem ni kijana wa Dar es Salaam, aliyezaliwa mwaka 1987, mwenye urefu wa futi 7 na inchi 3. Alicheza katika Chuo Kikuu cha Connecticut kule Marekani, na tarehe 25 Juni 2009 timu ya Memphis Grizzlies ikamchukua akiwa wa pili katika drafti, yaani ule uteuzi wa kila mwaka ambapo timu za NBA huchagua wachezaji wapya kwa zamu. Mbele yake alitangulia Blake Griffin peke yake. Nyuma yake, wa tatu, alikuwa James Harden, na wa saba alikuwa Stephen Curry. Hasheem akawa Mtanzania wa kwanza kuingia katika ligi ile. Hapa nyumbani tulishangilia kama tumechukua kombe.

Kufikia Februari 2011 shangwe zilikuwa zimepungua. Hasheem alikuwa akikaa benchi muda mrefu. Mwaka mmoja nyuma, Memphis walikuwa wamempeleka kwa muda Dakota Wizards, katika ligi ndogo ya kukuzia wachezaji, na hapakuwa na mchezaji aliyechaguliwa juu kama yeye aliyewahi kupelekwa huko kabla yake. Sasa siku ya mwisho ya timu kubadilishana wachezaji ilikuwa inakaribia, na swali lililokuwa bandani ni hili: je, Hasheem atabaki Memphis au atabadilishwa?

Fundi baiskeli, ambaye ni Simba damu, alianza. "Wanamuuza bei gani?" akauliza. "Na hizo fedha anapata nani?"

Mwalimu kijana wa hesabu, aliyekuwa amehamia pale mwaka mmoja kabla na ambaye ndiye aliyekuwa na simu ya kupata habari, akamjibu kwamba kule hawauziani wachezaji kama timu zetu za kandanda. Timu inatoa mchezaji, inapokea mchezaji. Wakati mwingine inapokea haki ya kuchagua kijana mpya mwaka ujao.

"Basi rahisi," akasema fundi. "Watoe Hasheem, wachukue mzee mmoja anayejua kulenga. Mtu kwa mtu, wameachana."

Hapo bandani pakagawanyika. Upande mmoja ulisema abaki apiganie namba yake, kwa sababu kuhamishwa ni fedheha. Upande wa pili ukasema aondoke, aende timu itakayompa dakika za kucheza. Walibishana kwa sauti kubwa kuliko mvua iliyokuwa ikipiga bati.

Pembeni alikuwapo mzee mmoja aliyekuwa karani wa chama cha ushirika kwa miaka mingi. Sisi tunamwita Mzee Karani hadi leo. Alikuwa amenyamaza akivuta sigara yake. Walipochoka kupiga kelele, akauliza swali moja: "Mwalimu, huyo kijana analipwa kiasi gani, na huyo atakayekuja analipwa kiasi gani?"

Mwalimu akainuka, akachukua kipande cha chaki, akaanza kuandika kwenye mlango wa bati wa banda.

Mishahara ya vijana wanaotoka kwenye drafti, akasema, hufuata ngazi iliyopangwa. Wa kwanza ana kiwango chake, wa pili ana chake, hivyo hivyo hadi mwisho wa raundi ya kwanza. Hasheem kwa nafasi yake ya pili alikuwa akipata karibu dola milioni 4.8 msimu ule. Dola moja siku zile ilikuwa kama shilingi 1,500, kwa hiyo ni zaidi ya shilingi bilioni 7. Mjomba wangu alianza kuzigeuza ziwe magunia ya mahindi, akafika mahali akaacha.

Lakini, akaendelea mwalimu, kila timu ina kikomo cha mishahara ya wachezaji wake wote. Msimu ule wa 2010 hadi 2011 kikomo kilikuwa dola milioni 58 na kidogo. Timu inaweza kukivuka kwa njia zilizoruhusiwa, na nyingi huvuka, lakini ikishavuka inafungwa mikono. Ikifika dola milioni 70 na kidogo, kila dola inayozidi hapo inalipiwa dola nyingine ya kodi. Na timu iliyovuka kikomo ikitaka kubadilishana, haiwezi kupokea mshahara wowote inaoutaka. Ikitoa mshahara wa 100, inaruhusiwa kupokea usiozidi 125, na nyongeza ndogo ya dola laki moja juu yake.

Kukawa kimya. Mzee Karani akatikisa kichwa taratibu.

"Kumbe ni mzani," akasema. "Ukileta debe nne unapewa tano. Saba hupewi, hata kama mwenye saba anakupenda. Ukitaka saba, nenda nyumbani ukalete nyongeza."

"Na nyongeza yenyewe ni mtu?" fundi akauliza.

"Ni mtu," akajibu mwalimu.

"Mtu mzima anaongezwa kama kisado!" Fundi alicheka mpaka akaweka spana chini.

Siku mbili au tatu baadaye habari zilitufikia. Tarehe 24 Februari 2011 Memphis walimtoa Hasheem kwenda Houston Rockets. Hakwenda peke yake. Walimtoa pamoja na DeMarre Carroll, na pia haki ya kuchagua mchezaji wa raundi ya kwanza katika miaka ya mbele. Wao wakampokea Shane Battier, mkongwe aliyejua kukaba na kulenga kutoka mbali, pamoja na kijana Ish Smith.

Mwalimu akarudi kwenye mlango wa bati. Battier alikuwa akilipwa zaidi ya dola milioni 7.3. Mshahara wa Hasheem peke yake, kwa kanuni ile, ungeweza kuleta kama milioni 6.1 tu. Hautoshi. Mwongeze Carroll, ambaye mshahara wake ulikuwa kama milioni 1.1, jumla inafika karibu milioni 5.9. Zidisha kwa kanuni, unapata kama milioni 7.4. Battier akapita mlangoni kwa kuinama kidogo. Ish Smith alikuwa kwenye mshahara wa kima cha chini, na hao wana mlango wao mdogo wa pembeni.

Wale waliokuwa wamebishana juu ya fedheha na dakika za kucheza walinyamaza. Siku nzima walikuwa wamemjadili Hasheem, urefu wake, mikono yake, bidii yake, na kumbe sehemu kubwa ya shauri ilikuwa hesabu ya debe. Sisemi kwamba kucheza kwake hakukuhusika. Angekuwa anafunga pointi 20 kila usiku, nani angemtoa? Ninachosema ni kwamba mshabiki humwona mtu uwanjani, na mwenye timu huona mtu na karatasi yake. Na siku ya kubadilishana, karatasi ndiyo inayowekwa kwenye mzani.

Fundi alisema Memphis wamefanya ujinga. Hakubahatika. Aprili ile Memphis waliingia hatua ya mtoano wakiwa wa nane, wakakutana na San Antonio Spurs waliokuwa wa kwanza katika kanda yao. Katika mchezo wa kwanza, sekunde chache kabla ya mwisho, ni Battier huyo huyo aliyelenga pointi tatu zilizowapa Memphis ushindi wao wa kwanza kabisa wa hatua ya mtoano tangu timu ianzishwe. Wakaendelea hadi wakawatoa Spurs.

Na yule Carroll, kisado cha fundi? Houston walimwacha mwezi huo huo wa Aprili. Mwaka 2015 akasaini na Toronto Raptors mkataba wa miaka minne wa dola milioni 60. Kwa hiyo mtu asidharau kilichoongezwa kwenye mzani.

Ndugu wasikilizaji, sasa nije kwenye jambo lililonifanya niukumbuke ubishi huu miaka yote hii.

Siku ile habari zilipofika, wakati wengine wanacheka, Mzee Karani aliuliza swali lake la pili. "Mwalimu," akasema, "huyu kijana wetu akihamishwa kwenda Houston, mshahara wake unahama naye, au unabaki Memphis?"

Mwalimu akajibu kwamba unahama naye, hadi senti ya mwisho. Mkataba ni ule ule. Houston wanapomchukua Hasheem wanachukua na deni lake. Wakimweka benchi, wanamlipa. Wakimpeleka ligi ndogo, wanamlipa. Akiumia mazoezini, wanamlipa. Miaka miwili ya kwanza ya mkataba wa mtu wa raundi ya kwanza ina dhamana, na mwaka wa tatu na wa nne timu huamua mapema kama inauchukua. Ikishauchukua, nao unakuwa deni. Hayo hayakushuka kutoka mbinguni. Chama cha wachezaji kilikaa mezani na wenye timu, wakagombana, wakaandika.

"Basi hajafedheheshwa," akasema Mzee Karani. "Mtu anayehamishwa na mshahara wake hajafedheheshwa. Mtumishi wa serikali anatolewa Songea anapelekwa Kigoma, analalamika, lakini mwisho wa mwezi anakwenda dirishani. Fedheha ni kuhamishwa wewe, mshahara ukabaki."

Niliyasikia maneno hayo nikaona jasho linanitoka. Sababu ni kwamba nyumbani kwa dada yangu, ndani ya Biblia ya mama, kulikuwa na karatasi.

Mpwa wangu wakati huo alikuwa na miaka 18. Urefu wake ulikuwa futi 6 na inchi 6, na yeye ndiye aliyetundika ile ringi ya baiskeli. Mtu mmoja kutoka mjini alikuwa amepita Songea akatafuta vijana warefu, akamwona, akaacha karatasi ya kusaini. Kuna timu, alisema, na kuna mshahara, na baadaye huenda kukawa na safari ya nje. Dada alinipigia simu kabla sijafika, na nilipofika nilipewa karatasi ile niisome kwa sababu mimi ndiye mtu wa mjini. Niliisoma mstari wa mshahara. Nikasema ni vizuri, asaini. Mtu aondoke na mvua hizi, akatafute maisha.

Jioni ile nilikwenda kumchukua Mzee Karani na mwalimu. Tukakaa sebuleni kwa dada, kwenye taa ya chemli. Karatasi ilikuwa kwa Kiingereza. Mwalimu akasoma mstari mmoja mmoja na kufasiri, na Mzee Karani akaandika kwa penseli nyuma ya bahasha, kama alivyokuwa akiandika vitabu vya ushirika.

Mambo yaliyokuwamo yalikuwa haya. Timu ina haki ya kumkabidhi mchezaji kwa timu nyingine yoyote, bila kumwuliza. Mshahara unalipwa kwa mwezi ambao mchezaji amecheza tu. Akihamishwa, mshahara utakuwa kama atakavyokubaliana na huko aendako. Akiumia, atarudi kwao kwa gharama zake. Na kwa miaka mitatu haruhusiwi kuchezea timu nyingine bila kibali cha timu hiyo.

Mzee Karani aliweka penseli chini. Akamgeukia mpwa wangu, akamwambia kwa upole, "Mjukuu wangu, wewe wakikuhamisha unahama peke yako."

Dada alikuwa amekaa kwenye mkeka. Hakusema neno kwa muda. Halafu akaniuliza, "Kaka, hii yote uliisoma?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimesoma tarakimu.

Tulikubaliana tuombe mambo mawili tu yabadilishwe: mshahara umfuate popote atakapopelekwa, na akiumia kazini atibiwe na timu. Kesho yake asubuhi nilimpigia simu yule bwana nikamweleza kwa adabu. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema vijana warefu ni wengi nchi hii, akakata simu. Nilipiga tena mara tatu, haikupokelewa.

Mpwa wangu hakunisemesha mpaka nilipoondoka. Aliinama kuchukua mzigo wangu hadi kituoni, akautua, akaondoka bila kuaga. Simlaumu. Leo ni fundi umeme Songea mjini, ana mke na watoto wawili, na mara nyingine anasaidia watoto wa mtaani kwake kujifunza mpira wa kikapu. Miaka kadhaa iliyopita aliniuliza, "Mjomba, unadhani ningefika?" Nilimwambia ukweli kwamba sijui. Siwezi kujisifu kwamba tulimwokoa. Huenda angefika mbali. Huenda angerudi na goti bovu na nauli ya kuazima. Ninachojua ni kwamba nilikuwa tayari kumsainisha kijana wa dada yangu karatasi ambayo sikuisoma, na kama si ubishi wa banda la baiskeli juu ya mshahara wa Hasheem, ningefanya hivyo.

Labda mtasema, ndugu wasikilizaji, kwamba Mzee Karani alikuwa na hofu kupita kiasi. Hebu basi tumfuate Hasheem mwenyewe tuone.

Houston hakukaa sana. Tarehe 15 Machi 2012 alibadilishwa tena, akapelekwa Portland Trail Blazers pamoja na Jonny Flynn na haki ya kuchagua mchezaji wa raundi ya pili, na Houston wakampokea mkongwe Marcus Camby. Mshahara ukamfuata tena. Mwaka wa nne wa mkataba wake wa kwanza haukuchukuliwa, na Julai 2012 akasaini na Oklahoma City Thunder, kwa mshahara mdogo zaidi ya ule wa mwanzo.

Sasa sikilizeni kilichotokea mwaka 2014. Tarehe 26 Agosti Oklahoma walimtoa Hasheem kwenda Philadelphia 76ers, na fedha taslimu juu. Wakapokea mchezaji gani? Hawakupokea hata mmoja. Walipata haki ya kuchagua mtu wa raundi ya pili, iliyofungwa kwa masharti ambayo yaliifanya iwe karibu na bure. Na walipata nafasi katika daftari, yaani ruhusa ya baadaye kumpokea mchezaji wa timu nyingine mwenye mshahara usiozidi ule wa Hasheem, dola milioni 1.25, bila kutoa mtu. Kwa lugha ya Mzee Karani, walitoa debe, wakabaki na alama ya debe kwenye kitabu.

Philadelphia walimweka kwa muda gani? Ilipofika tarehe 1 Septemba walikuwa wamekwisha kumwacha. Hata wiki haikutimia. Waliweza kufanya hivyo kirahisi kwa sababu mshahara wa msimu ule haukuwa na dhamana. Kuachwa kabla ya msimu maana yake deni hakuna.

Mtu ni yule yule. Urefu ni ule ule, futi 7 na inchi 3. Mwaka 2011 alihamishwa akiwa na karatasi yenye nguvu, na mamilioni yakamfuata hadi Houston. Mwaka 2014 alihamishwa akiwa na karatasi dhaifu, akajikuta hana timu kabla ya mechi ya kwanza. Kwa sifa yake, hakukata tamaa, na miaka ya baadaye alikuwa bado akicheza, hata kule Taiwan. Lakini swali la Mzee Karani lilikuwa sahihi mara zote mbili: ukihama, mshahara unahama nawe?

Na swali hilo si la wanamichezo peke yao. Hapa mjini wako walinzi wanaoajiriwa na kampuni na kuhamishwa lindo kila mwezi. Wako madereva wanaokabidhiwa kutoka kwa tajiri mmoja hadi mwingine pamoja na gari. Wako mabinti wa kazi za nyumbani wanaotolewa kwa dada wanapelekwa kwa shemeji, na wa kwanza anasema mshahara atalipa wa pili, na wa pili anasema hayo aliyakubali wa kwanza. Hao wote wanabadilishwa, na wengi wao hawana karatasi yoyote ya kuweka kwenye mzani.

Sheria ya Ajira na Uhusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi: kazi yenyewe, mahali, saa, mshahara na namna ya kuukokotoa. Na inasema zaidi kwamba kama mfanyakazi hayaelewi maandishi hayo, mwajiri ahakikishe anaelezwa kwa namna anayoielewa. Kwa hiyo mtu akuletee karatasi ya Kiingereza na kukuharakisha usaini juu ya boneti ya gari, unayo haki ya kumwambia, ndugu yangu, hebu tukae unieleze.

Najua jibu la wengi. Watasema ukiuliza maswali kazi inakwenda kwa mwingine. Ni kweli, inaweza kwenda. Kwetu Mpitimbi ilikwenda. Siwezi kuwadanganya kwamba anayeuliza hupata kila mara. Lakini tazameni jinsi wachezaji wa NBA walivyopata ile dhamana. Hakuna mmoja wao aliyeipata kwa kuomba peke yake. Waliuliza wote kwa pamoja, kupitia chama chao, mpaka ikawa ngazi inayojulikana, na kijana wa Dar es Salaam aliyeingia mwaka 2009 akaikuta tayari. Vijana warefu ni wengi nchi hii, alisema yule bwana wa simu. Kama wote hao wengi wangeuliza swali lile lile, angempigia nani?

Nimalizie na kijana wa jirani yangu. Nilipokwisha kumsimulia, alichukua karatasi zake akaondoka kimya, nikadhani nimemuudhi kama nilivyomuudhi mpwa wangu. Kesho yake jioni akarudi. Safari hii alikuja na mama yake, na kalamu. Pembeni ya mistari alikuwa ameweka alama za kuuliza, nilihesabu sita. Ya kwanza ilikuwa kwenye mstari wa kuhamishwa. Anawapelekea timu maswali hayo wiki hii. Sijui watamjibu nini, na yeye pia hajui. Mama yake ameniomba niende nao, nami nimekubali. Safari hii nimeisoma karatasi yote.